Kovariansi na korelesheni: zikokotoe kwa mkono mara moja, ndipo uiachie kompyuta

Msimu wa tafiti vyuoni ukifika, simu yangu hujaa picha za skrini. Swali la kwanza huwa hili: "Kaka, nimepata kovariansi 2,900, hiyo ni kubwa au ndogo?" Linafuata la pili: "Mbona mwenzangu ana data hizihizi na kapata 2,416?" La tatu huingia usiku wa manane, kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi kazi: "Kaka, r yangu imetoka 1.18. Nifanyeje?"

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote matatu yamo humu. Fuata hatua ukiwa na kalamu mkononi. Ukisoma kama unavyosoma gazeti, mwisho wake utarudi na picha ya skrini.

Neno kuhusu majina kwanza. Nasema kovariansi na korelesheni kama watu wanavyoyatamka darasani. Zote mbili hupima jinsi vitu viwili vinavyobadilika pamoja, na ile r ya usiku wa manane ndiyo korelesheni. Wapo wanaoiita korelesheni "uwiano", lakini uwiano ni ule wa shule ya msingi, wa kugawana maembe 2 kwa 3. Ukivichanganya hivi viwili utampoteza msomaji wako, na pengine ujipoteze na wewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Daftari la hesabu la miraba, kalkuleta yenye kipeuo cha pili, na programu ya majedwali: Excel, Google Sheets au LibreOffice, yoyote uliyo nayo. Zaidi ya hapo unahitaji data zilizo katika jozi. Jozi maana yake ni kwamba kila mstari ni tukio moja lililopimwa mara mbili: mtu mmoja na urefu wake na uzito wake, shamba moja na mbolea yake na mavuno yake. Ukiwa na urefu wa watu wa mtaa huu na uzito wa watu wa mtaa ule, huna jozi. Hapo hakuna hesabu ya humu itakayokusaidia.

Mimi nitatumia safari sita za bodaboda: umbali kwa kilomita, nauli kwa shilingi za Tanzania. Nambari nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, usiende kubishana nazo kijiweni.

| Safari | Umbali (km) | Nauli (sh) |
|---|---|---|
| 1 | 1 | 1,000 |
| 2 | 2 | 1,500 |
| 3 | 3 | 1,500 |
| 4 | 4 | 2,500 |
| 5 | 6 | 3,000 |
| 6 | 8 | 4,000 |

Hatua

1. Ingiza data, jozi kwa jozi. Safu ya kwanza umbali, ya pili nauli, mstari mmoja safari moja. Katika Excel andika nambari tupu. Ukiandika 1500/= kama tulivyozoea kwenye risiti, Excel itaiona hiyo kuwa ni maandishi, si nambari. Tena haitapiga kelele: itauruka mstari huo kimyakimya na kukupa jibu la data zilizobaki. Dalili yake ni kwamba maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku, nambari hukaa kulia. Pitisha macho kwenye safu yote kabla ya kuendelea.

Onyo: usipange safu moja peke yake kutoka ndogo hadi kubwa. Ukipanga, panga zote mbili kwa pamoja. Nimewahi kuona kazi nzuri ya miezi mitatu ikiharibika kwa kubofya mara moja: mwanafunzi alipanga nauli, umbali ukabaki ulipo, na kila abiria akawa amelipia safari ya mwenzake. Kompyuta haina namna ya kujua hilo.

2. Chora nukta kabla ya kukokotoa chochote. Umbali uwe chini, nauli iwe pembeni, kila safari nukta moja. Katika Excel chagua safu zote mbili, kisha grafu ya aina ya Scatter. Usichague ya mstari, hiyo ni ya mambo mengine. Kwenye daftari la miraba ni kazi ya dakika mbili.

Angalia mambo matatu. Je, nukta zinapanda kuelekea kulia, zinashuka, au zimetapakaa tu? Je, zinafuata njia iliyonyooka au iliyopinda? Na je, kuna nukta iliyojitenga na wenzake? Za kwetu zinapanda, zimenyooka kiasi, na hakuna iliyojitenga.

Najua hatua hii ndiyo inayorukwa. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ina jozi 11. Zote nne zina wastani uleule na korelesheni ileile, 0.816. Ukizichora, ya kwanza ni nukta za kawaida zinazopanda. Ya pili ni upinde. Ya tatu ni mstari mnyoofu ulioharibiwa na nukta moja. Ya nne nukta zimesimama wima mahali pamoja isipokuwa moja iliyokaa mbali. Kwa anayesoma nambari peke yake, zote nne ni kitu kimoja.

3. Tafuta wastani wa kila safu. Umbali: 24 gawanya kwa 6, unapata 4. Nauli: 13,500 gawanya kwa 6, unapata 2,250.

4. Toa wastani kwenye kila nambari. Unachotaka kujua ni kila safari iko juu au chini ya wastani, na kwa kiasi gani. Usiogope alama za kutoa, na usizifute. Zenyewe ndizo zinazofanya kazi.

5. Zidisha tofauti mbili za kila safari.

| Safari | Tofauti ya umbali | Tofauti ya nauli | Zao |
|---|---|---|---|
| 1 | −3 | −1,250 | 3,750 |
| 2 | −2 | −750 | 1,500 |
| 3 | −1 | −750 | 750 |
| 4 | 0 | 250 | 0 |
| 5 | 2 | 750 | 1,500 |
| 6 | 4 | 1,750 | 7,000 |
| Jumla | 0 | 0 | 14,500 |

Hapa ndipo penye utamu wote wa somo, kwa hiyo tulia kidogo. Safari ya kwanza ni fupi kuliko wastani na ni rahisi kuliko wastani: hasi mara hasi, chanya. Ya sita ni ndefu na ghali: chanya mara chanya, chanya tena. Vitu viwili vikienda pamoja, mazao yanakuwa chanya na jumla inapanda. Kama moja ingekuwa inapanda huku nyingine ikishuka, tuseme umri wa pikipiki na bei yake ya kuuzia, mazao mengi yangekuwa hasi. Na kama havina habari na mwenzake, hasi na chanya zingefutana na jumla ingekaribia sifuri.

Itazame na safari ya nne. Nauli yake iko juu ya wastani, lakini umbali uko palepale kwenye wastani, kwa hiyo haichangii kitu. Kovariansi haihesabu kinachopanda peke yake.

Jumla za safu mbili za tofauti lazima ziwe sifuri. Zisipokuwa, wastani wako una kosa, rudi hatua ya 3. (Kama wastani una desimali ndefu, jumla inaweza kuwa 0.01 hivi, hiyo isikutishe.)

6. Gawanya jumla ya mazao kwa idadi ya jozi kutoa moja. 14,500 gawanya kwa 5: kovariansi ni 2,900.

Kwa nini 5 na si 6? Wastani tumeutoa humohumo kwenye data, na tofauti zimelazimika kujumlishwa kuwa sifuri. Ukishazijua tano, ya sita inajitaja yenyewe. Hiyo ndiyo njia ya sampuli, na karibu kila utafiti wa mwanafunzi ni sampuli. Ukiwa na data za kundi lote unalolizungumzia, bila kumwacha hata mmoja, hapo gawanya kwa 6. Utapata 2,416.67.

Swali la pili la kwenye simu limejibika: yule mwenzako aligawanya kwa 6.

Na la kwanza? 2,900 ni kubwa au ndogo? Haijulikani. Vipimo vyake ni "kilomita-shilingi", kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukinunua sokoni. Andika umbali kwa mita badala ya kilomita na kovariansi inakuwa 2,900,000. Rudisha kilomita, andika nauli kwa maelfu ya shilingi, inakuwa 2.9. Safari ni zilezile, dereva ni yuleyule. Kwenye kovariansi soma alama tu: chanya, hasi, au karibu na sifuri. Ukubwa wake usiuandikie hata sentensi moja.

7. Tafuta mkengeuko sanifu wa kila safu. Huu ndio unaosema nambari zimetawanyika kiasi gani. Piga mraba kila tofauti ya hatua ya 4, jumlisha, gawanya kwa 5 (tano ileile!), kisha chukua kipeuo cha pili.

Umbali: 9 + 4 + 1 + 0 + 4 + 16 = 34. Gawanya kwa 5 ni 6.8, kipeuo chake 2.608.

Nauli: jumla ya miraba ni 6,375,000. Gawanya kwa 5 ni 1,275,000, kipeuo chake 1,129.16.

8. Gawanya kovariansi kwa zao la mikengeuko hiyo miwili. 2.608 mara 1,129.16 ni kama 2,944.5. Chukua 2,900, gawanya kwa 2,944.5, unapata 0.985. Hiyo ndiyo korelesheni, inayoandikwa r.

Kilomita zimekatana na kilomita, shilingi zimekatana na shilingi. Sasa hakuna vipimo vilivyobaki, na jibu halitoki nje ya −1 na 1. Jaribu kwa mita, jaribu kwa maelfu, r itabaki 0.985. Kwa hiyo korelesheni si kitu kipya cha kukariri. Ni kovariansi ileile iliyovuliwa vipimo.

Programu huiita r ya Pearson, kwa jina la Karl Pearson, ingawa Francis Galton alikuwa ameshalitoa wazo lenyewe mwaka 1888 alipolinganisha kimo cha watu na dhiraa zao, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Alipata kama 0.8. Bibi zetu waliopima kitambaa kwa dhiraa wangemwambia bila hesabu kwamba mtu mrefu hupata kitambaa kingi.

9. Sasa iachie kompyuta. Kama umbali uko A2 hadi A7 na nauli B2 hadi B7, andika:

=COVARIANCE.S(A2:A7,B2:B7)
=CORREL(A2:A7,B2:B7)

Herufi S ni ya sampuli. Ukiweka P utapata ile ya kundi lote. Mashine nyingine, kutegemea mipangilio yake, hutaka nukta-mkato badala ya mkato katikati ya safu mbili. Lazima upate 2,900 na 0.985. Ukipata kingine, kuna nambari umeikosea kuingiza.

10. Isome r kwa adabu. Alama inasema mwelekeo. Ukaribu na 1 au −1 unasema nukta zimeukaribia mstari mnyoofu kiasi gani. Basi. Mambo manne ambayo r haisemi, na ambayo huyakuta kwenye ripoti kila mwaka:

Haisemi nauli inapanda kwa 0.985 kwa kila kilomita. Ukitaka hiyo, gawanya kovariansi kwa mraba wa mkengeuko wa umbali: 2,900 gawanya kwa 6.8 ni kama shilingi 426 kwa kilomita.

Si asilimia. Ukitaka asilimia, ipige mraba: 0.985 mara yenyewe ni 0.97, yaani asilimia 97 ya kutofautiana kwa nauli katika safari hizi inaelezeka kwa umbali kwa mstari mnyoofu. Kwa hesabu hiyohiyo, r ya 0.5 inaeleza robo tu, si nusu.

Haisemi kimoja ndicho kimesababisha kingine. Siku ya mvua nauli za bodaboda hupanda, na miavuli nayo huuzwa. Ukikokotoa utapata r nzuri kabisa kati ya miavuli na nauli, lakini kuwapiga marufuku wauza miavuli hakutashusha nauli.

Na haisemi kwamba data zinatosha. Ukiwa na jozi 6, r lazima ivuke 0.811 ndipo useme si bahati tu, kwa kile kiwango cha asilimia 5 wanachokitaka wasimamizi, yaani bahati peke yake ingetoa r kubwa hivyo chini ya mara 5 kati ya 100. Ukiwa na jozi 30, 0.361 inatosha. Ukiwa na jozi 3 unahitaji 0.997, yaani usijisumbue.

Kuhusu yale majedwali yanayosema "0.7 kwenda juu ni uhusiano mkali", mimi siyapendi. Kwenye maabara ya fizikia 0.95 inaweza kumfanya mwalimu akutilie shaka, wakati kwenye dodoso la tabia za watu 0.4 ni habari ya kuandikwa. Linganisha na kazi za fani yako.

Mambo yakienda kombo

*r imezidi 1.* Umechanganya vigawanyo: juu umegawanya kwa 5, chini kwa 6. Jaribu kwenye data zetu, utapata 1.18, ileile ya usiku wa manane. Wanaotumia Python, lugha ya kuandikia programu, huipata bila kujua, kwa sababu np.cov (kovariansi) hugawanya kwa idadi kutoa moja, lakini np.std (mkengeuko sanifu) hugawanya kwa idadi yote usipoiandikia ddof=1. Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi: katika Excel, COVARIANCE.P juu na STDEV.S (mkengeuko sanifu wa sampuli) chini hutoa 0.82. Hiyo haishtui mtu, inapita hadi kwenye ripoti iliyojaladiwa.

*Excel inaandika #DIV/0!* Safu moja haibadiliki hata kidogo. Ukikusanya nauli za daladala za njia moja ambako kila mtu analipa sawa, mkengeuko ni sifuri, na huwezi kugawanya kwa sifuri. Si kosa la kompyuta. Kitu kisichobadilika hakiwezi kubadilika pamoja na kingine. Ikiwa safu yako inabadilika na bado unapata kosa hili, basi nambari zako zote ni maandishi. Rudi kwenye ile 1500/=.

*Inaandika #N/A.* Safu mbili ulizozitaja hazina urefu sawa: moja A2:A7, nyingine B2:B8.

*Kalkuleta inatoa jibu la ajabu.* Katika Casio za kawaida za shuleni, kama fx-82MS, ni data za mtu aliyeiazima jana. Ingia hali ya REG, chagua Lin, futa kumbukumbu ya takwimu kwa Scl, kisha anza upya. Thibitisha idadi ya jozi, n, kabla ya kusoma r. Ikisema 11 na wewe uliingiza 6, umeshajua.

*Nukta zinapanda vizuri lakini r ni ndogo.* Kuna nukta moja iliyojitenga. Ongeza safari ya saba kwenye data zetu: kilomita 1, usiku, mvua, shilingi 5,000. Safari moja tu, na r inaanguka kutoka 0.985 hadi 0.32. Wengine watakwambia utumie korelesheni ya Spearman, inayotazama nafasi badala ya nambari zenyewe. Ni dawa nzuri mara nyingi, ila hapa nimeijaribu na inatoa 0.35, kwa sababu data ni chache mno. Cha kufanya ni kuuliza nukta hiyo imetoka wapi. Ikiwa umekosea kuandika, sahihisha. Ikiwa ni ya kweli, usiifute kwa sababu tu inakuchafulia grafu. Ripoti r zote mbili, yenye safari hiyo na isiyo nayo, na ueleze kwamba ilikuwa usiku wa mvua. Kama utafiti wako ulikuwa wa nauli za mchana tangu mwanzo, hapo haikupaswa kuingia, na uandike hivyo.

*r ni sifuri lakini uhusiano unauona kwa macho.* Umepinda. Andika −2, −1, 0, 1, 2, na mbele ya kila nambari mraba wake: 4, 1, 0, 1, 4. Ya pili inategemea ya kwanza moja kwa moja, bila kubahatisha, na bado kovariansi ni sifuri kamili, kwa sababu mkono wa kushoto unaufuta wa kulia. Sema "hakuna uhusiano wa mstari mnyoofu", na maneno hayo mawili ya mwisho usiyaache.

*Bado umekwama.* Nitumie grafu ya nukta pamoja na jedwali lenyewe. Picha ya kovariansi peke yake sitaifungua.